Si Kila Kinachoitwa UTI Ni UTI

Haya ndo niliyoongea Jumamosi kwenye kijiwe cha bodaboda Igoma, hapa Mwanza. Wapo waliokuwa na abiria wakapitwa, wakaniomba niandike, kwa hiyo nimeandika kama nilivyosema, nimepunguza tu pale tulipokuwa tunarudia rudia kwa sababu ya kelele za malori.

Mwangaluka wanangu. Shikamooni wazee mliokaa pale kwenye kivuli, na mama zangu wa mama lishe asanteni kwa kuacha sufuria mkaja, najua saa hizi ndo wateja wanaanza. Mimi wengi mnanijua, wengine nimewazalisha mama zenu kabisa, nimefanya unesi miaka 31, nimestaafu, na mwenyekiti wenu wa kijiwe alikuja nyumbani akaniambia mama tuongelee magonjwa ya zinaa, nikamwambia nitakuja ila nitaongea kwa majina yake, hatutazunguka zunguka. Akasema sawa. Bas.

Naanza na swali. Nani hapa, tangu mwaka huu uanze, ameambiwa ana UTI? Nyoosha tu mkono, hakuna atakayekuuliza kitu. Haya, mnaona? Mikono mingi. Na mingi ni ya wanaume, tena vijana. Sasa hapo ndo pa kuanzia.

UTI ni ugonjwa wa kweli, sisemi kwamba haupo. Ni maambukizi ya njia ya mkojo, na mara nyingi wanaoleta ni bakteria wanaokaa tumboni mwetu siku zote, wanaitwa E. koli, kazi yao ni huko huko kwenye utumbo, shida inakuja wakipotea njia wakaingia kwenye mkojo. Mwanamke anaupata kirahisi kwa sababu mrija wake wa mkojo ni mfupi, kama sentimita 4 tu, na uko jirani na njia ya haja kubwa. Mwanaume mrija wake ni mrefu, unakaribia sentimita 20, yani yule bakteria ana safari ndefu sana mpaka afike kwenye kibofu. Ndo maana kijana wa kiume wa miaka 25, mzima, hana mawe kwenye figo, hana tatizo la tezi dume, kupata UTI ya kawaida ni jambo la nadra. Sasa kama ni nadra, hii mikono yote ya nini?

Kijana anakojoa anasikia moto, asubuhi anaona usaha kwenye boksa, anaenda dukani anasema nina UTI, muuzaji anampa vidonge. Au anaenda kupima mkojo, majibu yanarudi kuna chembe za usaha, anaandikiwa UTI. Lakini chembe za usaha ni askari wa mwili wamekusanyika, zinakuambia kuna vita, hazikuambii adui ni nani. Kisonono kinazileta. Klamidia inazileta. Trikomona anazileta. Yote matatu ni ya zinaa. Kwa mwanaume kijana anayetokwa na usaha, wa kwanza kumfikiria ni kisonono, gono kama mnavyoiita, na huwa inajionyesha haraka, siku mbili mpaka wiki moja hivi baada ya tendo. Wa pili ni klamidia, huyu ni mpole, anaweza kukaa na wewe miezi hujui chochote.

Mnaniuliza kwa nini nang'ang'ania jina, si ni dawa tu, mtu akipona amepona. Hapana. Jina ndo linaamua nani atatibiwa. Ukiambiwa UTI unakunywa dawa peke yako, unarudi nyumbani, unalala na mke wako ambaye hajatibiwa, baada ya wiki mbili moto umerudi, unasema UTI yangu ni sugu. Si sugu baba. Umeambukizwa upya na mtu uliyemwambukiza mwenyewe, mnarushiana kama mpira. UTI haidai umlete mwenzako, kisonono kinadai. Ndo tofauti yote iko hapo.

Nitawaambia kisa kimoja, na wahusika siwataji wala sisemi ni wilaya gani. Kijana alikuwa dereva, ameoa, alipata hiyo inayoitwa UTI mara nne ndani ya mwaka mmoja. Kila mara dukani, kila mara vidonge viwili vitatu, dalili zikipungua anaacha, vilivyobaki anaweka akiba kwenye droo ya pikipiki. Mke wake hakuwa na dalili yoyote. Na hili mlishike: mwanamke anaweza kubeba kisonono na asijue, klamidia ndo kabisa, wanawake wengi walio nayo hawana dalili hata moja. Baadaye akaanza kuumwa tumbo chini ya kitovu, linakuja linaondoka, mama mkwe akasema hili ni chango, akachimbiwa mizizi, akanywa. Mwaka ukapita, siku moja usiku akaanguka chooni, kwenda hospitali ni mimba imetunga kwenye mrija nje ya mfuko wa uzazi, mrija umepasuka, tumbo limejaa damu. Wakampasua, wakamuokoa, mrija mmoja ukatolewa, na ule wa pili daktari alivyoangalia umejaa makovu umeziba. Dada wa miaka 23. Nilikuwa namhudumia mimi wodini, siku ya tatu mama mkwe alikuja akasimama mlangoni akasema sasa mwanangu atazaa na nani. Na mume yuko pale pale amesimama na chupa ya uji, anaangalia chini, hajui kwamba vile vidonge kwenye droo ya pikipiki vinahusika na hii habari. Nilimwita pembeni nikamweleza. Alikaa chini kwenye sakafu. Mimi ile sura sijaisahau mpaka leo, na kusema kweli ndo iliyonifanya nikubali kuja hapa.

Kwa hiyo UTI ni jina la kwanza la kujificha. Chango ni la pili. Mwanamke akiumwa tumbo la chini anaambiwa chango, akikosa mtoto chango, hedhi ikivurugika chango. Lipo la tatu, fangasi. Ukitokwa uchafu ukeni wenye harufu, wenye rangi ya kijani au njano, una povu, huyo mara nyingi si fangasi, anaweza kuwa trikomona, na trikomona ni wa zinaa, mume naye anatakiwa dawa hata kama yeye yuko vizuri. Fangasi huwa ni mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda na unawasha sana, huo ndo fangasi. Na dada zangu, kabla sijasahau, acheni kuingiza vitu huko. Shabu, limao, sabuni, ugoro, sijui majani gani yanauzwa kwenye chupa yanakaza. Kule ndani kuna bakteria wazuri wanaotengeneza uchachu unaozuia wale wabaya, ukiosha na sabuni unawafukuza walinzi unaacha mlango wazi. Nje osha kwa maji, ndani kunajisafisha kwenyewe.

Jina la nne ni tego. Nimesikia mmeguna. Sikuja kubishana na imani ya mtu, wazee wapo hapa na ninawaheshimu. Ila nimeona wanaume wamekuja na korodani imevimba kama embe, wanatetemeka na homa, wamechelewa wiki nzima kwa sababu walikuwa wanamtafuta mganga wa kutegua, na aibu, maana ukisema una tego umekiri ulikwenda kwa mke wa mtu. Kumbe kisonono au klamidia imepanda kutoka kwenye mrija wa mkojo mpaka kwenye mirija ya mbegu. Inatibika kwa antibayotiki. Ikiachwa inaweza kuharibu uzazi wa mwanaume, ndiyo, wa mwanaume, siyo kila siku mgumba ni mke. Na jambo lingine ambalo si la zinaa ila liko jirani, korodani ikianza kuuma ghafla kwa nguvu, hasa kwa kijana, inaweza kuwa imejinyonga, imejizungusha ikakata damu yake yenyewe, na hapo una kama saa sita tu za kuiokoa. Saa sita. Usipoteze hata moja kwa mganga, panda pikipiki nenda hospitali.

Hili la kuficha ugonjwa chini ya jina lingine si letu peke yetu. Kule Marekani, jimbo la Alabama, sehemu inaitwa Tuskegee, mwaka 1932 idara ya afya ya serikali ilichukua wanaume weusi, wakulima maskini, 399 walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo, ikawaambia mnatibiwa damu mbaya. Ndivyo watu wa pale walivyokuwa wanasema wenyewe mtu akichoka, akiumwa umwa, ana damu mbaya, na wale madaktari wakalitumia jina hilo hilo. Hawakuwaambia ni kaswende. Waliwapa chakula siku ya kupimwa, wakawaahidi gharama za mazishi, wakakaa wanawaangalia ugonjwa unavyowala. Penisilini ilipokuja, mwaka 1943 ikaonekana inaponya kaswende, na miaka michache baadaye ilikuwa dawa ya kawaida kabisa, wale hawakupewa. Mpaka mwaka 1972 ilipovuja kwenye magazeti. Miaka 40. Wake zao waliambukizwa, watoto wakazaliwa nayo. Rais Clinton aliomba radhi 1997, wengi walishakufa. Mimi nikisoma habari ile kinachonichoma ni kwamba wale wanaume walinyimwa jina la ugonjwa wao, wangelijua jina wangeenda kutafuta dawa kwingine. Na sisi hapa jina tunalo, kipimo tunacho, penisilini ipo.

Kaswende yenyewe sasa, maana wengi mnaijua kwa kutukanana tu. Inaanza na kidonda kimoja, wiki kama tatu baada ya tendo, inaweza kuwa siku 10, inaweza kufika hata miezi mitatu. Kidonda hakiumi. Hapo ndo ujanja wake ulipo, kisichouma hakitupeleki hospitali. Pangusa, kidonda kingine cha zinaa, inauma, malengelenge yanauma, kaswende haiumi. Kwa mwanaume utakiona kama kiko kwenye uume, kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani kabisa kwenye mlango wa kizazi, nani atakiona? Afu kinapona chenyewe, wiki tatu mpaka sita, hujaweka kitu. Mtu anashukuru Mungu. Lakini mdudu ameshaingia kwenye damu. Wiki kadhaa baadaye unatoka vipele mwilini, na sehemu ya kuangalia ni viganja vya mikono na nyayo, magonjwa machache sana yanatoa vipele huko, watu wanasema ni aleji ya samaki au ya sabuni. Navyo vinaondoka vyenyewe. Halafu kimya. Miaka. Unaweza kukaa miaka 10, 20, 30 mzima kabisa, baadaye kwa baadhi ya watu inarudi kwenye moyo, mshipa mkubwa wa damu unatanuka, au kwenye ubongo, mtu anachanganyikiwa, anapoteza macho, na hapo majirani wanasema karogwa.

Dawa yake ni sindano ya penisilini, ile nzito, inachomwa makalioni. Inauma sana, siwafichi, utachechemea. Lakini kwa kaswende changa ni mara moja tu, ukiwa nayo ya siku nyingi ni mara tatu, wiki kwa wiki. Na cha kumshukuru Mungu, tangu 1943 mpaka leo mdudu wa kaswende hajajifunza kuishinda penisilini. Yani dawa ile ile ya wakati wa babu zenu bado inafanya kazi.

Kuna kitu kinavunja ndoa hapa nataka nikiseme taratibu. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni kinapima kinga ambayo mwili ulitengeneza dhidi ya kaswende, na kinga ile mara nyingi haiondoki maisha yako yote. Kwa hiyo mtu aliyetibiwa akapona mwaka 2015 akipimwa leo kipimo kinaweza kusoma bado ipo. Haina maana ametoka nje jana. Kuna kipimo kingine cha maabara kinachoonyesha kama ugonjwa uko hai au ni kovu tu, omba hicho kabla hujaanza kurusha masufuria. Nimeshuhudia mama amefukuzwa na watoto watatu kwa ajili ya kovu.

Wajawazito. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo kazi niliyoifanya muda mrefu. Kaswende inavuka kwenye kondo inamfuata mtoto tumboni. Kuna utafiti ulifanyika hapa hapa Mwanza, ukatolewa 2002, walifuatilia wajawazito, wale waliokuwa na kaswende kali na hawakutibiwa, robo yao walizaa mtoto mfu. Robo. Katika kila wanne mmoja. Ukijumlisha na waliozaa njiti na watoto wenye uzito mdogo ilikuwa karibu nusu. Na wale waliogundulika mapema wakachomwa sindano moja tu ya penisilini, mimba zao zilienda sawa na za wanawake ambao hawakuwa na ugonjwa. Sindano moja wanangu. Mimi nimepokea watoto wafu nimewafunga kwenye kitenge cha mama yao, na mama anauliza nesi nimekosea nini, nilibeba ndoo? Nilipita njia panda? Kumbe hakukosea kitu, hakupimwa tu, alikuja kliniki mimba ina miezi nane.

Kwa nini alichelewa? Wengine wanasubiri mume, kwa sababu ameambiwa ukija bila mwenza hupokelewi mpaka ulete barua ya mtendaji. Nimefanya kazi kwenye kituo kimoja ambacho utaratibu ulikuwa hivyo, na tulipokaa kikao nikasema huu utaratibu unaua watoto, wengine walininunia. Nasema tena leo mbele yenu, mwanamke akipitisha siku zake aende, mume aje naye, hilo ndo zuri na nawaomba nyie vijana mje, pikipiki mnazo wenyewe. Lakini mume asipokuja mama apimwe. Mtoto tumboni hajui habari za barua.

Na kisonono kwa mama mjamzito kinamsubiri mtoto mlangoni. Mtoto akipita anapakwa machoni, siku mbili tatu macho yanavimba yanatoa usaha mwingi, usipotibu anaweza kupofuka. Ndo maana tunawapaka dawa ya macho wakishazaliwa, kuna mama ananiuliza mbona unampaka mwanangu, macho yake mazuri. Ndo tunataka yabaki mazuri.

Sasa la Ukimwi, hili mnalijua vizuri kuliko yote, mmelisikia tangu shule ya msingi, sitarudia. Nitasema kipande ambacho sidhani kama mmewahi kuambiwa, na kimetoka kwenye mkoa wetu huu. Mwanzoni mwa miaka ya 90, dawa za kufubaza VVU hazikuwepo kwetu, watu wanakufa, mnakumbuka wazee. Watafiti wetu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, pamoja na AMREF, shirika la afya, na wenzao wa chuo cha London wakauliza, je tukitibu vizuri haya magonjwa mengine ya zinaa, kisonono, kaswende, pangusa, maambukizi mapya ya VVU yatapungua? Wakachukua jamii 12 za vijijini hapa mkoani. Sita wakaboresha huduma kwenye vituo vya afya vya kawaida: wahudumu wakafundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa hazikatiki, watu wa afya wakapita vijijini kuhamasisha. Sita zilisubiri. Wakafuatilia watu wazima karibu elfu moja kila jamii kwa miaka miwili. Majibu yalitoka 1995, kule walikoboresha maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa kama asilimia 40. Dunia nzima ilizungumza habari za Mwanza. Mimi wakati ule nilikuwa nesi mdogo nimeanza kazi juzi juzi, na nilisikia fahari ambayo siwezi kuieleza, kwamba kitu kile kimefanyika zahanati, na manesi kama mimi, kwa vidonge na sindano za kawaida.

Inafanyaje kazi? Kidonda ni mlango, hiyo ni rahisi. Lakini hata bila kidonda, penye kisonono au trikomona mwili unapeleka askari wengi pale, na VVU anachokitafuta ni hao hao askari. Umemkusanyia. Niseme na hili ili msije mkasema nimewadanganya, wenzetu wa Rakai kule Uganda walijaribu kwa njia nyingine, kuwapa dawa watu wote kwa mkupuo kila baada ya miezi kama kumi, wenye dalili na wasio na dalili, VVU haikupungua. Wataalamu wamejadiliana sana kwa nini. Mojawapo ya wanayosema ni kwamba kule ugonjwa ulikuwa umeshaenea zaidi, na kwamba kumtibu mwenye dalili siku ile ile dalili inapotokea si sawa na kupita kila baada ya miezi kumi. Mimi nachukua hilo la mwisho: siku ile ile. Si wiki ijayo ukipata hela ya marejesho.

Haya, dawa za dukani. Sikilizeni vizuri, maana kisonono si kama kaswende, kisonono kinajifunza. Kilishinda dawa za salfa, kikashinda penisilini, kikashinda tetrasaiklini, kikaja kushinda sipro ambayo kuna watu mpaka leo wanaitafuna kama karanga. Sasa hivi tegemeo kubwa ni sindano ya seftriaksoni, na nayo sehemu nyingine za dunia imeanza kupigwa chenga. Kila unapokunywa vidonge vitatu ukaacha, wale dhaifu wamekufa, wenye nguvu wamebaki, na hao ndo unaokwenda kumpa mwenzako. Ile akiba kwenye droo ya pikipiki itoeni leo.

Vile vinavyoletwa na virusi nitavipitia haraka. Malengelenge ya sehemu za siri hayaponi moja kwa moja, yanarudi rudi, ila dawa ya kuyatuliza ipo na si mwisho wa maisha. Homa ya ini B ina chanjo, mkubwa unaweza kupima na kuchanjwa. Na HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, chanjo yake kwa mabinti ilianza nchi nzima 2018, sasa ni sindano moja tu kwa wa miaka 9 mpaka 14. Mzazi unayemficha binti siku ya chanjo shuleni kwa sababu umesikia inazuia kuzaa, njoo tuongee, nina muda, nimestaafu. Chanjo haizuii kuzaa. Kinachozuia kuzaa ni klamidia isiyotibiwa.

Kondomu inasaidia sana kwa vinavyopita kwenye majimaji, kisonono, klamidia, VVU. Kwa vidonda inasaidia pale tu ilipofunika, kidonda kikiwa kwenye mapaja au kwenye korodani haikioni. Tumieni, ila mkiona kidonda msifanye kabisa.

Maswali yalikuwa mengi, nimeweka matatu.

Kijana mmoja aliuliza kwa sauti ndogo, mama mimi sina dalili yoyote, nipime nini na nimwambieje daktari? Nilimwambia sema hivi hivi, nimekuja kupima magonjwa ya zinaa, sina dalili. Kama ulikuwa na mtu mwingine bila kinga sema. Kaswende, VVU na homa ya ini ni damu. Klamidia na kisonono bila dalili vipimo vyake havipatikani kila kituo, na ndo sababu nyingine nasema ukiitwa kwa sababu mwenzako amepatikana nayo, nenda, usisubiri dalili, unatibiwa hata kama hujisikii kitu.

Mzee mmoja akauliza, baada ya dozi mtu anakaa muda gani? Siku saba baada ya dawa, kwa nyie wote wawili, na dalili ziwe zimekwisha. Kama ni dozi ya siku saba, basi mpaka uimalize. Mmoja akiwa bado hajatibiwa saa ya kuhesabu haijaanza. Na miezi mitatu baadaye rudini mpimwe tena.

La mwisho ni la mama mmoja wa mama lishe, na alisimama kabisa. Akasema, sista, ile karatasi mnayotupa tukampe mume aje kituoni, imeandikwa ugonjwa? Maana mimi nilipewa nikaichana njiani, niliogopa kupigwa. Nikamwambia mimi zile nilizokuwa naandika sikuweka jina la ugonjwa, niliandika afike kituoni na tarehe. Lakini kama unaogopa kupigwa usiibebe peke yako, mwambie nesi hapo hapo kabla hujatoka, zipo njia nyingine, anaweza kupigiwa simu aje kwa jambo la kawaida la familia, au mkaja wote kama mnapima presha. Akaniuliza, na nikirudi sasa, ni miezi miwili imepita, watanigombeza? Nikamwambia Jumatatu saa mbili nitakuwa getini pale kituoni, tutaingia wote.

Jumatatu alikuja. Mume alikuja Jumatano.